Nipe Mji, Babu

Kisa hiki ni kweli tupu. Nikiongopa, mchwa waule ulimi wangu.

Siku ya mashindano ya wilaya, mzee Mbaruku alipiga magoti kando ya uwanja, akimfunga mjukuu wake Saumu kifundo cha mguu kwa kipande cha kanga. Kilikuwa kimeteguka mara ya tatu mwaka huo. Kilichemka kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na kila alipokaza kitambaa, ndani mlilia kama kijiti kikavu.

"Daktari alisema kikiteguka tena hutakimbia tena maishani," mzee akanong'ona.

"Kaza, babu. Wewe si ulishinda mbio mguu umevunjika?"

Mikono ya mzee ikasita. Hadithi hiyo alikuwa akimsimulia Saumu tangu mtoto ana miaka mitano, kila mara akiongeza maili moja.

Kipenga cha kuwaita wakimbiaji kikalia. Saumu akasimama, uso umemsawajika.

"Mjukuu wangu, sikuvunjika. Hata kukimbia sikukimbia. Nilikuwa mshika utepe pale mwisho wa mbio."

Saumu akamkazia macho. Nyumbani kwao, anayenaswa kwa uongo hutoa mji, kama kwenye vitendawili.

"Umenaswa. Nipe mji."

"Chukua wowote."

"Nitaufikia kwa mguu gani?"

Mzee akainama, akampa mgongo, Saumu akapanda, wakaondoka uwanjani. Haya, mzee huyo ni mimi, na mgongo ndio huu. Nyuma yetu bastola ya kuanzisha mbio ikalia, na ule mguu wa moto ukanipiga teke ubavuni, kama unaoanza mbio.