Vizibo vya Mwalimu wa Kwaya

"Hivi vinakula kayamba," alisema Mwalimu Ndesanjo, akachomoa masikioni vizibo viwili vya sponji na kuvitupa mezani kama mtu aliyejitoa funza. "Vya kulalia wagonjwa, hivi. Tunajaribu vingine. Simameni."

Kwaya ya usharika, watu kumi na wanane, ikasimama kwa mara ya pili bila kuimba ubeti wa pili. Mashindano ya jimbo yalikuwa Jumapili. Nyimbo mbili bado hazijakaa sawa, na mwalimu wao alikuwa akiwatumia kuchagua vizibo vya kuendeshea pikipiki.

Alikuwa na sababu zake, na alikwisha kuwaeleza kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa bwana shamba wa kuzunguka kwa pikipiki, leo Kikwe, kesho juu kwenye migomba, keshokutwa Arusha mjini, upepo ukimvumia kichwani kutwa nzima. Muuzaji wa vifaa vya pikipiki mjini alimwambia kwamba upepo ule unaua masikio, polepole lakini zaidi hata ya injini. Ndesanjo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimjua mtu aliyekutwa na hayo.

Mtu huyo ni Thomasi, mwalimu wa kwaya aliyemtangulia, naye mwendesha pikipiki wa siku nyingi. Miaka minne iliyopita Thomasi alianza kuziacha alto ziteleze bila kuzisahihisha. Aliyekwenda kumshtaki kwa Baraza la Wazee alikuwa Ndesanjo, enzi hizo mwimba besi tu. "Mwalimu asiyesikia ni wa nini?" aliwauliza. Wazee wakamvisha Thomasi shuka la heshima, wakamshukuru kwa utumishi wake, wakampa Ndesanjo kwaya. Tangu hapo kila akikutana na Thomasi humsalimia kwa kupaza sauti, ili waliopo wacheke. Watu hucheka, lakini hawampendi kwa hilo.

Yeye hayatamkuta. Yeye ana akili, na amenunua jozi nne.

Kipimo kilikuwa kayamba la matete la msichana Rachel. Sauti ya kayamba ni nyembamba na iko juu, aliwafundisha, kwa hiyo kizibo kinachozuia upepo na kulipitisha kayamba kitapitisha pia filimbi ya trafiki. Hilo la filimbi lilikuwa linamuuma. Mwezi uliopita alimpita trafiki pale Tengeru akaandikiwa kosa, kwa filimbi ambayo, anaapa hadi leo, haikupulizwa.

Jozi ya pili ilikuwa ya nta. Wakaimba ubeti, Rachel akatikisa. Ndesanjo akakunja uso.

"Uchafu wa nyuki. Kayamba hamna."

Ya tatu ilikuwa ya mpira laini, ya rangi ya chungwa. Wakaimba tena.

"Hamna."

"Mwalimu, na sauti zetu je?" aliuliza Elizabeth, mama wa makamo aliyeongoza soprano. "Unazisikia?"

"Zenu nazisikia zote. Hata zile ambazo zingebaki nyumbani."

Mlangoni, Mzee Manase wa Baraza alikohoa. Alikuwa amepita kuiona kwaya kabla ya mashindano, na Ndesanjo alifurahi kwamba mzee anashuhudia jinsi mwalimu makini anavyoyatunza masikio yake. Alimpungia mkono, kisha akafungua jozi ya nne, ile ya gharama, yenye tundu dogo katikati. Muuzaji aliapa kwamba hiyo hupitisha kila kitu isipokuwa upepo.

Wakaimba. Ndesanjo aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Akavichomoa kwa hasira.

"Mwizi," alisema. "Mjini pale wamejaa wezi watupu. Kitu cha bei yote hii, na kayamba kimelimeza lote."

Waimbaji wakatazamana. Rachel alijipangusa jasho kwa kiwiko. Elizabeth ndiye aliyeweka kitabu chake cha nyimbo benchini, taratibu.

"Mwalimu, tuimbe mara moja ukiwa huna kitu masikioni. Upate cha kulinganishia."

"Cha kulinganishia ninacho humu kichwani, mama." Lakini akamwona Mzee Manase amesogea na kuketi benchi la nyuma, na roho ikapenda kuonekana. "Haya. Mjue sikio zima linafanyaje kazi."

Akavipanga vizibo vyote vinane mezani, jozi kwa jozi. Akajifuta masikio kwa leso, la kulia na la kushoto. Akainua mikono.

Wakaimba. Ndesanjo alifumba macho. Besi zilikuja nzito na za uhakika, zile alizozifundisha mwenyewe. Tenori zikaja, alto zikakaa mahali pake. Akatabasamu, akasubiri. Kisha akafumbua macho na kumnyooshea kidole msichana wa mwisho wa mstari.

"Rachel. Nani amekuambia upumzike? Tikisa hilo kayamba kama mtu aliyekula."

Sauti zikakatika moja baada ya nyingine mpaka kwaya yote ikanyamaza. Rachel akamtazama Elizabeth, akamtazama Mzee Manase, halafu akatikisa kwa nguvu zake zote, mpaka matete yakapasuka mikononi mwake. Mbegu zikamwagika, na Ndesanjo akaziona zikidunda kwenye saruji, zikiruka na kudunda tena hadi miguuni pake, kimya kabisa.