Msimu wa Kunyoa

Mpolokeng aliisoma karatasi ya hali ya hewa iliyotoka mji mkuu, Maseru, akairudia, kisha akajitupia blanketi begani na kutoka mbio. Utabiri ule angeusoma redioni jioni. Kabla ya hapo alitaka aonane na Ntate Phakoe, yaani Mzee Phakoe kwa lugha ya kwao.

Alimkuta nje ya duka akinoa mikasi ya kunyolea mbuzi. Jua lilikuwa linachoma. Mipichi ilikuwa imechanua, na mnunuzi wa manyoya alitarajiwa Ijumaa. Lakini mwanzo wa joto huko milimani hauaminiki: leo unatokwa na jasho, kesho unatetemeka. Na mbuzi aliyenyolewa akikutwa na baridi, hafiki asubuhi.

"Unanoa mapema, Ntate," alisema Mpolokeng.

"Ungekuwa na mbuzi ungejua. Wewe una mdomo tu."

"Mdomo huu ndio unaokuambia kesho kutakuwaje." Akapaza sauti, barazani wote wakageuka. "Motlatsi sijamsahau. Na wewe usimsahau, kila unaponisikia redioni."

Phakoe alicheka, ila mikono yake ilisita juu ya jiwe la kunolea.

Motlatsi alikuwa mdogo wake Mpolokeng, mchungaji wa Phakoe. Majira kama hayo, miaka mitatu nyuma, redio ilitangaza theluji. Wenye mifugo wote walituma watu kwenye kambi za malisho mlimani kuwaita wachungaji washuke. Phakoe hakutuma mtu. Alisema majani mapya hayajaisha, mbuzi waendelee kushiba. Motlatsi aliletwa juu ya punda, amekauka kama ubao, ngumi zimefumbwa. Siku ya mazishi Phakoe alifika, akavua kofia, akamwuliza mama wa marehemu kama kijana alikuwa amesema lolote kuhusu mbuzi wawili waliopotea.

Mama yake hakumaliza mwaka. Mpolokeng aliacha kazi ya dukani, akaomba kazi kwenye redio ya wilaya, na hakupumzika mpaka akapewa kusoma hali ya hewa. Watu walidhani ni kwa ajili ya kuwaokoa wachungaji. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Jioni ile aliketi mbele ya maikrofoni. Alisoma taratibu kuliko siku zote, neno moja moja, kama anayezungumza na mtu mmoja aliyeketi karibu yake. Alipomaliza alizima taa ya meza. Kisha akatabasamu.

Kulipokucha, anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu. Phakoe alikuwa zizini mapema, amekunja mikono ya shati.

"Baba Matumelo, si tungoje kidogo?" alisema mkewe. "Hata majirani hakuna anayenyoa."

"Wavivu hao. Wewe ulimsikia yule mwanamke jana?"

"Nilimsikia."

"Na mimi nilimsikia, kwa masikio yangu haya mawili. Shika miguu ya mbuzi."

Mpaka saa za mchana manyoya yalikuwa yamejaa magunia, meupe, yanateleza kama hariri, na mbuzi wa Phakoe walikuwa wanazunguka zizini na ngozi zao za waridi. Alikaa juu ya gunia, akala papa, ugali wa kwao, na mboga kwa furaha. Alimwambia mkewe kuwa Ijumaa atakuwa wa kwanza mbele ya mnunuzi.

Upepo uligeuka alasiri. Ulitoka kusini, ukapiga bati za nyumba, na mlima ukapotea. Jua halijazama, theluji ikaanza kushuka.

Phakoe alikimbia huku na huku kama mwendawazimu. Aliwafunika mbuzi kwa mablanketi, kwa magunia, kwa nguo za mkewe. Manyoya yale yale aliyowavua aliwamwagia tena migongoni, upepo ukayachukua. Alibeba majike ndani, akawalaza kitandani kwake, akawa anawapulizia pumzi puani. Walimfia mikononi. Kulipopambazuka, zizi lilikuwa kimya, na wachache waliobaki hawakuweza kusimama.

Barabara ilipofunguka alimfuata chifu, akataka Mpolokeng aitwe. Kijiji kizima kilijaa uani.

"Mwanamke huyu ameua mbuzi wangu!" alipiga kelele, machozi yanamtiririka. "Kwa mdomo wake! Alinitishia mbele ya watu, na amefanya!"

"Ni kweli ulimtishia?" chifu aliuliza.

"Nilimtishia," Mpolokeng alijibu.

Watu walinong'ona.

"Na ulitaka mbuzi wake wafe?"

"Nilitaka, chifu. Kila siku."

"Mnamsikia!" Phakoe alisema. "Mnamsikia kwa kinywa chake!"

Chifu aliinua mkono, akawazungushia watu macho. "Nani mwingine aliyefiwa na mbuzi?"

Watu walitazamana, wakatikisa vichwa.

"Ntate Phakoe, jioni ile alisema nini redioni?"

Aliyejibu ni mkewe, macho yake yako chini.

"Alisema theluji itashuka kesho yake, chifu, na mtu asinyoe hata mbuzi mmoja. Mume wangu akacheka, akasema yule hawezi kumtakia mema, akaniambia nilete mikasi."