Matawi Juu ya Lena

Matawi yalikuwa yamehama tena.

Prokopi alisimama ukingoni, kiganja juu ya macho, akayatazama vizuri. Wiki iliyopita, mto Lena uliposhika barafu, ni yeye mwenyewe aliyeyachomeka, moja baada ya jingine, kutoka ng'ambo hadi mlangoni pake, ili wasafiri wajue pa kupita. Sasa safu nzima ilipinda katikati ya mto na kuishia kwa jirani yake Matryona, muuza chai.

"Ana tamaa mwanamke huyu," alinong'ona. "Hata njia anataka ipite jikoni kwake."

Siku nyingine angecheka. Lakini leo binti yake Aitalina alikuwa anarudi kutoka hospitali ya ng'ambo na kichanga cha siku tano, mjukuu wa kwanza, kwenye gari la kuteleza linalovutwa na farasi, mumewe akiendesha. Kuzungukia kwa Matryona kungewaongezea nusu saa. Nusu saa, katika baridi ile! Prokopi aliumia kweli.

Alishuka kwanza kwenye tundu lake la maji, alilolitoboa kwenye barafu. Akateremsha ndoo. Kamba ikaisha, ndoo ikaning'inia bila kugusa maji. Jana kamba hiyohiyo ilitosha na kubaki. Akaikagua ncha yake. Ilikuwa nadhifu mno.

"Kumbe hata kamba yangu anaikata!"

Matryona alikuwa hatua chache mbele, akigongagonga barafu kwa mtaimbo na kutega sikio. Alipomwona aliinua mkono.

"Baba Aitalina! Njoo nikuambie kitu!"

"Kawaambie wateja wako, si umeshawavuta wote?"

"Acha maneno yako, bwana wee. Njoo!"

Hakwenda. Aliijua sauti ya mtu aliyefumaniwa. Akangoja hadi jirani alipoingia ndani, kisha akaanza kazi. Aling'oa matawi na kuyachomeka upya kwenye mstari wake wa zamani, ulionyooka. Chini ya viatu vyake barafu ilivuma kama ngoma, naye akafurahi: sauti nene, barafu nene. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi moyo ulimtulia.

Aliporudi ukingoni alimkuta Matryona amesimama bila kofia wala glavu.

"Nani kayarudisha?"

"Mwenye njia."

"Prokopi, wewe! Huko juu mto umezibwa na barafu tangu juzi, maji hayaji. Hapa kwako yameshuka dhiraa nzima, barafu imebaki juu ya hewa tupu. Mtu inambeba. Farasi haimbebi! Kwangu imelala juu ya mchanga, ndiyo maana..."

Hakumaliza. Prokopi alikuwa ameshageuka. Mkwewe, kwa haraka ya kumfikisha mtoto penye joto, alikuwa amekwisha kuyafuata matawi hadi katikati ya mto, na alipomwona baba mkwe ukingoni akipunga mikono yote miwili, alidhani anakaribishwa, akamchapa farasi.