Injini Iliyokohoa Mara Mbili

Uzi wa kwanza uligeuka nyuma, wa pili ukafuata, na kabla Fundi Upepo hajafungua mdomo, injini ikakohoa: buum! Kioo kikatetemeka. Shemeji yake akakata mafuta.

Mara ya pili wiki hiyo.

Nyuzi hizo za sufu Fundi Upepo alizibandika mwenyewe kwenye mdomo wa injini, zimwonyeshe hewa inakoelekea. Yeye ndiye aliyeunda kompresa, ile inayoshindilia hewa ndani. Shemeji, mdogo wa mumewe, aliunda chumba cha moto kinachoipokea. Kila kimoja kikipimwa peke yake, malaika. Vikiunganishwa, wake wenza.

"Kompresa yako ina pumu, shemeji!"

"Na wewe una kiherehere! Unamwaga mafuta ghafla, hewa yangu inakosa pa kupita, inarudi!"

"Nilipandisha polepole. Haki ya Mungu!"

Masikio yao yalikuwa yameziba, kwa hiyo walipayuka mpaka karakana nzima ikajua ugomvi wa familia. Mkuu wa karakana naye akasikia.

"Ijumaa mnarudia," alisema. "Ikikohoa, mnaondoka wote. Isipokohoa, nataka kwa maandishi jina la aliyeharibu majaribio haya mawili. Huyo asirudi Jumatatu."

Nyumba moja, sufuria moja, na waliokuwa wakiijaza ni hao wawili tu.

Ijumaa Fundi Upepo aliushika mwenyewe mkono wa kuongezea mafuta. "Leo napandisha mimi."

Shemeji alimpisha. Utani wote ulikuwa umemkauka.

Mlio ukapanda. Sabini kwa mia. Themanini, palepale ilipokohoa. Jasho lilimwingia Fundi Upepo jichoni, hakulifuta. Nyuzi zilikuwa zimelala kama nywele zilizotoka kuchanwa. Tisini.

Mia.

Akaihesabia dakika tano kamili, kisha akazima. Hakushangilia.

"Shemeji," alisema bila kumtazama, "uliapa."

"Niliapa kweli."

"Basi nieleze hii."

Shemeji aliutazama mkono wa mafuta kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata. Akavuta fomu, akaandika jina lake, akatia sahihi. Kisha akavua ovaroli na kuikunja vizuri, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kukunja nguo.

"Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Fundi Upepo akaitikia kwa kichwa.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkuu wa karakana aliingia anahema, mkoba bado begani.

"Foleni, jamani, foleni! Msiwashe kwanza. Ngojeni nikayafunge yale madirisha ya kutolea hewa ya injini huko nyuma, kama siku zile mbili. Kelele za hii injini zinanifuata mpaka ofisini."