Shimo la Sebuleni

Sheria ya mtaa ilikuwa moja: nyumba ikibaki tupu haipangishwi, bali huezuliwa paa na kupandwa mti sebuleni. Bi Nasiche ndiye aliyeipigania, enzi zile kikundi chao cha mazingira kikikutana barazani kwake, watu wakibishana mpaka chai inapoa.

Siku hizi hakuwa na wa kubishana naye. Kila asubuhi alipita na ndoo akimwagilia miti ya majirani waliohama.

"Umeamkaje, Somoe?" aliusalimu mzambarau uliosimama sebuleni kwa shoga yake aliyehama. Majani yalitikisika kidogo, naye akaridhika nusu.

Jumamosi moja alirudi akakuta wanakikundi wamesogeza kochi lake, wamevunja sakafu na kuchimba shimo.

"Shikamoo, bibi," alisema Chitanda, kiongozi wao wa sasa. "Tunaandaa tu. Nyumba ya mtu mmoja sasa inahesabiwa tupu."

Bi Nasiche alilichungulia shimo. Walichimba vizuri, kama alivyowafundisha.

"Mtapanda lini?"

"Ukishaondoka, bibi."

"Pandeni leo, nipate mwenzangu."

"Lakini mti ukipandwa, lazima paa liezuliwe."

Bi Nasiche akaenda uani kuwaletea ngazi.