Kilio cha Ndama

Kilio kilitangulia picha. Ukumbi ulikuwa giza totoro, nacho kikaja kutoka pande zote: chembamba, kikapanda, kikakatika kama pumzi iliyokwama kooni, kisha kikaanza upya kwa nguvu. Ndipo skrini ikawaka barafu tupu, na katikati ya weupe ule akaonekana ndama wa tembo wa kale, manyoya yamemganda mwilini, anamtafuta mama yake.

Mtu mmoja akapenga kamasi. Punde safu nzima ikawa inapenga.

Fundi wa sauti, aliyeegemea ukuta karibu na mlango, hakuitazama picha. Macho yake yalikuwa kwenye viti viwili vya pembeni: mkewe, na ubavuni mwake binti yao, Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Leo Chiriku alikaa kimya, mikono mapajani, kama mgeni.

Lilikuwa onyesho la majaribio. Familia zilialikwa kuitazama katuni kabla haijatoka, na mlangoni kila mtazamaji angetoa maoni yake kwenye maiki. Mshika maiki alikuwa fundi.

Taa zikawaka. Watu wakajipanga.

"Nzuri," alisema kinyozi mmoja. "Ila barafu yote ile, hakuna hata mnyama mmoja aliyepiga chafya?"

"Mimi nimempenda yule paka mwenye meno kama majembe," alisema bibi aliyemfuata. "Yangu yamebaki mawili. Angenigawia."

Mjukuu wake alinuna. "Hakumla mtu hata mmoja! Meno ya nini sasa?"

Watu wakacheka. Lakini wote, mizaha ikiisha, walirudi palepale: kile kilio.

"Nimelia kama mjinga," alisema dereva wa lori, mtu wa miraba minne, macho mekundu. "Huyo aliyelia mpeni tuzo. Nani huyo?"

"Ni kompyuta tu, kaka," fundi alijibu, akageukia mtu mwingine haraka.

Haikuwa kompyuta. Waigizaji walilia studioni wiki nzima, na mwongozaji wa filamu akawakataa wote. "Wanalia kwa koo!" alifoka. "Nataka kilio cha tumboni. Nikipate kesho asubuhi, la sivyo natafuta fundi mwingine."

Siku hiyo mke wa fundi alikuwa bado hospitalini baada ya upasuaji. Alikuwa anaendelea vizuri. Kesho yake angeruhusiwa. Jioni fundi akamkalisha Chiriku kitandani, akaficha kinasa sauti nyuma ya mto, akamwambia, "Mama hatarudi tena nyumbani."

Mpaka leo hakuelewa mdomo wake uliwezaje. Mtoto alimtazama. Alimtazama sana. Kisha akalia kilio ambacho fundi hakuwahi kukisikia nyumbani mwake wala kwingine, naye akakiacha kiendelee hadi akapata cha kumtosha. Ndipo akamkumbatia, akamwambia Baba amekosea, Mama ni mzima, kesho yuko nyumbani.

Asubuhi alikishusha kidogo kilio kile, akakinenepesha, akakichanganya na mlio wa ndama halisi wa tembo. Mwongozaji aliruka kwa furaha. "Na hajatamka neno! Hata 'mama' hakusema! Hakuna cha kukata."

Tangu hapo, Chiriku akilia kwa lolote, hata kwa goti lililochubuka, fundi alitafuta sababu ya kutoka nje.

Sasa mkewe alifika kwenye maiki, kitambaa puani.

"Baba Chiriku, nisemeje? Kimenishika hapa." Akaweka kiganja tumboni. "Kama vile namjua huyo ndama. Ngoja nikanawe uso, watu wasinicheke."

Akaenda. Ukumbi ulikuwa umebaki viti na maganda ya karanga. Mwongozaji alipita akipiga makofi. "Fundi, wamelia wote! Muulize na binti yako, watoto ndio wenye filamu!" Akatokomea.

Chiriku alisimama mbele ya baba yake, akisubiri zamu yake.

Fundi alizima maiki. Alichutama hadi nyuso zao zikalingana.

"Mwanangu, yule ndama..." Akaiweka maiki sakafuni. Akajilazimisha. "Ile ni sauti yako. Ile jioni niliyokwambia Mama harudi. Nilijua si kweli. Nilitaka ulie, nikurekodi. Nimekukosea, mwanangu, na sina pa kuuweka uso wangu."

"Najua, Baba."

"Umeitambua leo?"

"Sio leo. Nilijua siku ileile kuwa unanidanganya." Chiriku alimfuta chozi kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayefuta kioo. "Mama alinipigia mchana kwenye simu ya shangazi. Akaniambia anarudi kesho, nimtandikie kitanda."

"Sasa... mbona ulilia vile?"

"Nilikuwa nakulilia wewe."

Mlango wa msalani ukafunguka, na viatu vya mama vikaanza kusikika koridoni. Chiriku alisogeza mdomo sikioni mwa baba yake.

"Usiogope, Baba. Akiniuliza yule ndama ni nani, na mimi nitamdanganya. Nakuahidi."