Mikeka Isiyoonekana

Eveline alifungua tovuti aliyomtengenezea mama yake ya kuuzia mikeka, ili aweke tangazo la msiba wake. Ndipo alipoliona neno la kijivu juu ya ukurasa: Rasimu.

Miezi saba alikuwa akibonyeza "Hifadhi". "Chapisha" hakuibonyeza hata mara moja.

Kila Jumapili alipokwenda kijijini Michenga kumsalimia, mama aliuliza, "Kuna mtu ameiona mikeka yangu?"

"Bado, mama."

"Basi labda si mizuri kama nilivyodhani," alisema mara ya mwisho, na ukindu wote wa kusukia uliobaki akampa jirani.

Eveline aliweka kidole juu ya kitufe cha "Chapisha".

"Eveline, jeneza limefika," mama mkubwa aliita kutoka uani.

"Nakuja," akajibu, lakini hakuinuka.